Maswali na majibu: shilingi ndogo za Riga

Tangu nianze kuandika kuhusu sarafu za kale za Riga, bandari iliyo Latvia ya leo, maswali yenu hayakatiki. Nijibu machache.

Kwa nini mji tajiri upige shilingi, sarafu ndogo yenye madini ya fedha kidogo?
Kwa sababu thaler, sarafu kubwa ya fedha, ilikuwa na thamani kubwa mno kununulia mkate mmoja. Sarafu nzito za fedha zilikuwa za wafanyabiashara wa katani na kitani. Mpagazi alihitaji chenji. Shilingi 3 zilifanya groschi 1 tu, nayo pia ni sarafu ndogo. Kipande cha thamani hiyo kingepigwa kwa fedha tupu kingekuwa chembamba kama gamba la samaki. Ndipo ikatiwa shaba, na shaba ikazidi fedha. Miaka ilivyokwenda, ikazidi zaidi.

Mbona zikiwa mpya zilikuwa nyeupe?
Zilichemshwa katika tindikali kabla ya kupigwa chapa. Shaba ya juu ikaliwa, ikabaki ngozi ya fedha. Zikizoea mikono, wekundu hutokeza.

Nitaitambuaje?
Tafuta funguo 2 zilizopishana, alama ya mji. Upande wa pili kuna herufi ya mtawala: S ni Sigismund III wa Poland; GA ni Gustav II Adolf wa Sweden, aliyeuteka mji mwaka 1621; C ni malkia Christina wa Sweden.

Ni kweli zilighushiwa?
Kweli kabisa, na habari hii inaniuma. Miaka ya 1660, huko Suceava katika Moldavia, mji ulio Romania ya leo, karakana ya mtawala Eustratie Dabija ilitoa kwa wingi sarafu za kuiga za Riga, nyingi zikiwa na jina la Christina, ilhali malkia huyo aliachia kiti mwaka 1654! Zilikuwa shaba iliyopakwa weupe. Tajiri alikuwa na mizani na jicho la kazi. Mama aliyeuza mayai sokoni alikuwa na nini? Hasara ilimwangukia yeye.

Shilingi yetu ina undugu nazo?
Jina, ndiyo. Wajerumani wa Riga walisema Schilling. Letu limetoka kwenye Kiingereza. Mzizi ni mmoja.

Ninayo moja imeota ukijani. Niisugue kwa ndimu?
Tafadhali usithubutu! Ndimu hutafuna shaba, na ile ngozi ya fedha itabanduka pamoja na maandishi. Ifunge katika karatasi kavu, uiweke mbali na unyevu.