Shangazi, bibi yangu hakuwa yule tuliyeambiwa

Shangazi, shikamoo. Nina umri wa miaka 38, nina mke na watoto wawili. Mama yangu alifariki mwaka jana. Nilipokuwa nikipanga vitu vyake nilikuta, chini ya karatasi iliyotandikwa kwenye droo, cheti cha kuzaliwa cha bibi mzaa mama chenye jina ambalo sijawahi kulisikia. Ni jina la watu wa kabila na dini ambazo nyumbani kwetu husemwa vibaya, nami nimewahi kucheka mizaha hiyo. Palikuwa pia na picha yake ya ujana iliyokatwa kwa mkasi. Umebaki mkono wa mtu mwingine begani mwake. Sisi tuliambiwa kwamba bibi alikuwa yatima asiye na ndugu. Mama mdogo ameniambia nivichome vyote. Rafiki yangu anasema mwacha asili ni mtumwa, kwa hiyo nibadili jina. Nawaimbia wanangu wimbo wa kulalia alionifundisha bibi, wenye maneno nisiyoyaelewa, na sasa hata huo unanitia hofu. Je, nipime vinasaba? Mimi ni nani hasa?

Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa kufiwa na mama.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama kwenye ule mkono. Aliyeikata picha hiyo, awe bibi yako au mama yako, angeweza kuitupa yote, lakini aliamua kubakiza nusu yake na kuihifadhi pamoja na cheti, mahali ambapo mtu wa nyumbani angefika siku moja. Sidai kwamba alikusudia uione. Nasema tu kwamba mtu anayetaka jambo lipotee kabisa hutafuta kiberiti, na kiberiti hakikukosekana nyumbani mwenu kwa miaka yote hiyo.

Nadhani yamekupata maumivu mawili kwa pamoja nawe umeyapa jina moja. La kwanza ni habari yenyewe, kwamba bibi alitoka kwa watu wengine. La pili ni kufichwa, tena na mama uliyemwamini, ambaye huwezi tena kumuuliza. Jaribu kufikiri kwamba mama angekuambia jambo hili ulipokuwa na miaka kumi, siku ya kawaida, huku akikunja nguo; ungelikua nalo kama ulivyokua na sura yako, na leo usingeniandikia. Kwa hiyo kinachokuuma zaidi ni ule ukimya, na una haki ya kumkasirikia marehemu kwa ajili yake bila kuacha kumpenda.

Hata hivyo, ukimya huo pengine haukuanzia kwa mama yako. Watu huficha asili zao kwa sababu ya vita, ndoa iliyokataliwa na wazee, kazi ambazo watu wa jina fulani hawapewi, au hofu ya wanayoweza kufanyiwa watoto. Madeleine Albright alizaliwa Prague mwaka 1937 na akalelewa Mkatoliki. Mwaka 1997, akiwa na miaka 59 na ndiyo kwanza ameanza kazi ya waziri wa mambo ya nje wa Marekani, uchunguzi wa mwandishi wa gazeti ulimthibitishia kwamba wazazi wake walikuwa Wayahudi waliobadili dini mwaka 1941, na kwamba watatu kati ya babu na bibi zake wanne waliangamia katika mauaji ya halaiki ya Wayahudi. Wazazi wake wote wawili walikuwa wameshafariki, kwa hiyo, kama wewe, hakuwa na wa kumuuliza. Kitabu chake kuhusu habari hizo kilitoka mwaka 2012. Miaka 15, mwanangu, na wewe rafiki yako anataka ubadili jina sasa hivi!

Methali ya rafiki yako ni nzuri, ila ameipeleka pasipo pake. Humsuta anayeidharau asili yake, si msichana aliyeikimbia kwa hofu, sembuse mjukuu ambaye hakuwahi kuonyeshwa. Jina unalolitumia uliitwa na mama yako, ukaoa nalo, na watoto wako wanalijua, hakuna ulichoazima. Kaa nalo walau mwaka mmoja kabla ya kuligusa.

Nitakaa kidogo kwenye ile mizaha, kwa sababu umeipitia haraka na nahisi ndiyo inayokunyima usingizi. Bibi yako alikuwa akiisikia. Huenda aliwahi kuketi chumba kimoja na waliokuwa wakicheka, nawe ukiwemo, akanyamaza. Huwezi kuurudisha wakati huo, lakini mzaha ukianza tena mbele yako unaweza kusema, bila hotuba, kwamba hao ni watu wa bibi yako. Utakuwa umefanya jambo ambalo yeye hakuweza kulifanya, na nina hakika litakufundisha wewe ni nani kuliko maabara yoyote.

Kuhusu maabara yenyewe, usiitarajie mengi. Kwa wastani robo ya vinasaba vyako, yaani asilimia 25, imetoka kwa bibi huyo, na fungu hilo huweza kuzidi au kupungua. Asilimia za kabila au eneo unazopewa ni makadirio yanayotokana na kulinganisha sampuli yako na za watu wengine waliomo kwenye hifadhidata ya kampuni, ndiyo maana kampuni mbili zinaweza kumpa mtu mmoja majibu mawili. Kipimo husaidia zaidi kutafuta ndugu: ikiwa ule mkono ni wa dada yake bibi, mjukuu wa dada huyo anashiriki nawe takriban asilimia 3, na hizo kwa kawaida hutosha kuonekana. Lakini huyo naye ana nyumba yake na siri zake, na huenda hajui lolote. Pima ukiwa tayari kubisha hodi kwa upole, na kuondoka usipofunguliwa.

Karatasi usizichome. Zipige picha, uhifadhi nakala mahali pawili, kisha umrudie mama mdogo. Siri ya mtungi aijuaye kata, na anayekuambia uchome anajua kinachochomwa. Usiende na cheti mkononi kama askari, wala usimuulize kwa nini walificha, maana swali hilo litamfunga mdomo. Muulize mambo madogo: bibi alipenda nini, aliogopa nini, ni siku gani za mwaka alikuwa akijifungia chumbani. Akichoka, mwache, urudi wiki nyingine. Watoto wako waambie mapema, kwa maneno machache, ili nao wasije kukuta bahasha.

Na ule wimbo usiuache. Ukienda kwa mama mdogo, nenda na wanao, na jioni walaze hapo kwake kwa kuwaimbia kama kawaida. Usimuulize maana ya maneno. Imba tu, usikilize kama ataitikia.

Ni mimi, Shangazi yako.