Unga wa mitishamba wa Kijapani kwa tumbo linalovurugwa na wasiwasi

SWALI: Daktari, pokea salamu zangu. Ninaishi Nagoya, Japani, ambako nimeajiriwa ofisini. Tangu nihamishiwe kitengo kipya, kila asubuhi ya siku ya kazi tumbo hunisokota nikiwa ndani ya treni hata nikalazimika kushuka njiani kutafuta choo, ilhali siku za mapumziko huwa mzima. Vipimo vya damu, vya choo na vya utumbo mpana havikuonyesha kitu. Daktari wa hapa aliutazama ulimi wangu, akanibonyeza tumbo kwa muda mrefu, kisha akaniandikia vipakiti vya unga unaonukia mdalasini, uitwao keishikashakuyakuto. Je, hospitali kubwa inawezaje kutoa dawa za mitishamba? Na je, ninaweza kumpelekea mama yangu aliyeko Tanga, ambaye naye tumbo humsumbua na anameza dawa za presha?

JIBU: Dada msomaji, nianze na la mama kwa kuwa ndilo lisiloweza kungoja: tafadhali usimpelekee. Unga huo una mzizi mtamu wa likorisi, ambao Wajapani huuita kanzo, na mzizi huo ukitumiwa kwa wingi au kwa muda mrefu hufanya mwili ushikilie chumvi na maji na kupoteza madini ya potasiamu. Matokeo yake ni presha kupanda, miguu kuvimba, misuli kulegea, na katika hali mbaya mapigo ya moyo kuvurugika. Kiasi kilichomo katika dawa yako si kikubwa, takriban gramu 2 kwa siku, lakini mtu mzima wa umri, mwenye presha, na hasa anayemeza dawa ya kukojosha ambayo nayo humpunguzia potasiamu, yuko katika hatari zaidi kuliko wewe.

Sasa kuhusu hospitali kutoa mitishamba: hiyo ni tiba ya kampo, yaani tiba ya jadi ya Kijapani. Asili yake ni Uchina, na mchanganyiko wako umo katika maandiko ya tabibu Zhang Zhongjing ya takriban miaka 1,800 iliyopita, ingawa Wajapani waliiendeleza kwa njia yao wenyewe. Serikali ya Japani ya enzi ya Meiji, iliyochagua tiba ya Kizungu, iliisukuma pembeni mwishoni mwa karne ya 19. Lakini tangu mwaka 1967 bima ya afya ya taifa ilianza kulipia baadhi ya michanganyiko hiyo, ikapanua orodha mwaka 1976, na leo inalipia 148. Anayeiandika ni daktari mwenye leseni ile ile ya madaktari wengine, wala si mganga wa pembeni.

Kule kubonyezwa tumbo ndiko kiini cha shughuli nzima. Tabibu Yoshimasu Todo, aliyeishi kati ya mwaka 1702 na 1773, alisisitiza sana uchunguzi huo, na hadi sasa mgonjwa hulazwa chali, miguu ikiwa imenyooka, ili daktari asikie kwa vidole ni wapi pamekaza. Misuli miwili ya mbele ya tumbo ikikakamaa kama kamba, hiyo ni dalili ya kutumia mzizi wa ua liitwalo piyoni, na katika mchanganyiko wako mzizi huo ndio umeongezwa kuliko vingine. Vilivyobaki ni mdalasini, tangawizi, tunda la jamii ya kunazi na huo mzizi mtamu. Mwenye kufunga choo huongezewa rubabi, mmea wa kulainisha choo. Mwenye kichefuchefu na tumbo kuunguruma huenda akapewa mchanganyiko mwingine, hangeshashinto. Kwa hiyo watu wawili wenye ugonjwa mmoja hutoka na dawa mbili, nami naona hapo ndipo wanaponunua kwa kuiga hupotea.

Kuhusu ugonjwa wenyewe, ubongo na utumbo huwasiliana kwa neva na homoni, na wasiwasi huharakisha mwendo wa utumbo na kuufanya uhisi maumivu kwa urahisi. Hauko peke yako: Wajapani wana jina la utani kwa hali ya mtu kulazimika kushuka kila kituo. Ushahidi wa majaribio ya kitabibu juu ya dawa yako si mwingi, ila unaelekea zaidi kwenye kupunguza maumivu kwa wanaoharisha kuliko kuponya kabisa. Mimi ningekushauri uitumie, bila kuacha kuzungumza na daktari kuhusu hicho kitengo kipya.

Koroga unga katika maji ya moto na unywe kabla ya chakula, kisha urudi kwa daktari baada ya wiki mbili hadi nne ili apime nafuu. Ukiona uvimbe, ganzi au misuli kukosa nguvu, acha dawa na umwone mapema. Ukiona damu chooni, ukikonda bila sababu, ukipata homa, au ukiamshwa usiku na kuharisha, usiseme ni wasiwasi. Hayo yanahitaji kuchunguzwa upya. Naye mama apimwe huko huko Tanga, akiwa na dawa zake zote mkononi.