Mwalimu Anajibu: Watoto walichoka mbele ya misalaba ya shaba

Jambo sana, Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, tunakaa Katuba, hapa Lubumbashi. Wa kwanza ana miaka 12, wa pili 9, wa mwisho 5. Baba yao anafanya kazi mgodini upande wa Kolwezi, anarudi nyumbani mara mbili kwa mwezi. Likizo kubwa ilipokaribia niliweka pesa kidogo kidogo, nikawapeleka mjini siku moja: asubuhi makumbusho, mchana bustani ya wanyama. Wa mwisho alilia njaa, wa kwanza hakuinua macho kwenye simu, mimi nikarudi nimechoka kabisa. Jirani anasema matembezi ni mambo ya watu wa Golf, mtaa wa matajiri. Baba yao naye anataka tuweke akiba twende maporomoko ya Lofoi mwezi wa nane. Nifanye nini?
Mama wa Katuba

Jambo sana, mama. Jirani yako usimsikilize. Ulifanya jambo zuri, ila uliwapa watoto vitu vingi mno kwa siku moja. Kosa hilo nalijua, maana nililifanya kabla yako.

Nilifundisha darasa la tano miaka mingi. Mwaka mmoja nilipeleka watoto 43 kwenye Makumbusho ya Taifa hapa Lubumbashi, na siku iliyotangulia nilikuwa nimewaandikia maswali 30 ubaoni. Waliingia vichwa chini, wakanakili maandishi ya ukutani, wakatoka. Msichana mmoja tu alisimama mbele ya msalaba mkubwa wa shaba, akaniuliza: "Mwalimu, huu walikuwa wanaubeba namna gani?" Nikamwambia aandike, wenzake wamekwisha kufika swali la 12. Swali lake lilipita yangu yote 30, nami sikumjibu. Mpaka leo linaniuma.

Basi rudi makumbusho, mama, lakini rudi kwa ajili ya kitu kimoja tu: ile misalaba ya shaba. Kaeni hapo nusu saa, kisha mwende nyumbani mkale bukari. Waambie watoto kwamba hiyo ilikuwa pesa ya watu wa Katanga, na kwamba ilianza kutengenezwa karne nyingi kabla mmisionari yeyote hajakanyaga hapa. Wa kwanza wako atauliza kwa nini basi ni msalaba, naye mjibu ukweli: haihusiani na kanisa. Msalaba mkubwa wenye mikono minne hufika karibu kilo moja. Mwulize angenunua nini kwa pesa nzito namna hiyo, na angenunuaje chumvi ya kutosha chakula cha siku moja. Mwache afikiri mpaka aone ile midogo, inayolingana na ukucha au kidole. Wachimbuzi waliipata kwenye makaburi ya kale ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, wafu wamezikwa nayo. Kadiri karne zilivyopita, misalaba ilizidi kuwa midogo na kufanana, kama pesa ya kununulia vitu vya kila siku. Hilo mtoto wa miaka 12 anaweza kuligundua kwa macho yake, na akiligundua mwenyewe ataisahau simu, angalau kwa muda.

Mchezo wenyewe unaanza nyumbani. Chukua beseni, weka mchanga laini, unyunyizie maji mpaka ukiufinya ushikamane. Kila mtoto achore msalaba wake kwa kidole, kina cha nusu kidole, kisha asawazishe kingo. Wewe mwenyewe, si watoto, yeyusha mishumaa miwili kwenye mkebe wa sardini uliowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, halafu umimine polepole. Waambie wachuchumae watazame tu, bila kugusa. Nta inageuka nyeupe kwanza pembeni, kisha weupe unatambaa kuelekea katikati, na mahali pa mwisho kuganda panabonyea kidogo. Wa miaka 5 atataka kuung'oa haraka na utamvunjikia. Mwache achore mwingine. Ukishapoa, waugeuze: chini una mikwaruzo, umeshika chembe za mchanga, juu ni laini. Wafundi wa zamani nao walimimina shaba iliyoyeyuka kwenye kalibu. Ukienda tena makumbusho na watoto hawa watatu, wataangalia kila msalaba wakitafuta upande upi ulilala chini. Nimeona wajukuu zangu wakifanya hivyo, wamebandika pua kwenye kioo.

Baadaye fungueni soko barazani. Wa mwisho auze makaa, wa katikati auze unga, mkubwa awe mwenye misalaba na aamue bei. Watagombana juu ya bei. Usiingilie upesi.

Jumapili moja baba yao akiwa nyumbani, awatembeze mpaka mahali wanapoliona vizuri bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya taifa ya migodi, na kile kilima cheusi cha masalio. Yeye ni mtu wa mgodi, atasimulia kuliko mimi. Reli ilifika hapa kutoka kusini mwaka 1910, na mwaka 1911 Union Minière, kampuni ya Wabelgiji iliyotangulia Gécamines, ikamimina shaba yake ya kwanza katika tanuri la Lubumbashi. Watoto waliokwisha kumimina nta wataelewa baba anasema nini.

Bustani ya wanyama ipewe siku yake. Kwenye uwanja wake kuna kimbilio la sokwe liitwalo J.A.C.K., lililoanzishwa 2006. Sokwe wanaolelewa pale ni yatima: wawindaji waliua mama zao kwa ajili ya nyama, wakauza watoto. Ulizia mlangoni kama wageni wanapokelewa siku hiyo, na umweleze wa miaka 9 habari hiyo kwa upole kabla hamjaingia.

Kuhusu Lofoi, mwombe baba yao asubiri. Maji yanaanguka zaidi ya mita 300, ndani ya hifadhi ya Kundelungu, na ni ajabu kweli. Lakini mwezi wa nane ni kiangazi, maji hupungua sana, na njia ni ndefu kwa mtoto wa miaka 5. Mwaka huu pesa hiyo iwe nauli ya taksi-basi, mara nne au tano.

*

Mwalimu, mjukuu wangu anakataa kucheza kisolo nami, ule mchezo wa kokwa kwenye ubao wa mashimo, anasema ni mchezo wa wazee. Nimfundishe kwa nguvu?
Babu wa Kampemba

Hapana, mzee wangu. Ubao uache ndani. Mwambie akusaidie kuchimba mashimo uani, safu nne, na atafute kokwa mwenyewe. Halafu cheza na rafiki yako wa rika lako, kwa sauti, mkibishana kama kawaida yenu. Mjukuu akisogea na kuanza kuhesabu kokwa kwa midomo, mpishe akae kwenye kigoda chako.