Elfu Tano na Gikomba Zinakutosha Kupanda Mlima Kenya

Wiki iliyopita nilisimama juu ya Point Lenana, kilele kimojawapo cha Mlima Kenya, mita 4,985, alfajiri, na sikutetemeka. Tangu niweke picha, simu haijapumzika. Dada mmoja wa Kasarani ameniandikia: "Dada, nina elfu tano tu ya nguo na nataka kupanda mwezi wa pili. Nibebe nini?" Najua wengi wenu mnautamani mlima huo, basi nawajibu kwa pamoja.

Elfu tano inatosha. Ukiacha viatu, kila nilichovaa kilitoka Gikomba, soko la mitumba la Nairobi. Nasema bila haya kwa sababu kuna watu walitaka nione haya. Nilipotuma picha ya manunuzi yangu kwenye grupu letu la WhatsApp, jamaa mmoja aliuliza, "Huyu anapanda mlima ama anafungua kibanda?" Wakacheka, hata wale ninaowanunulia chai kazini. Yeye alikuwa amenunua koti jipya dukani. Bei sitaitaja, mtadhani natia chumvi.

Tulipita njia ya Sirimon. Kutoka kambi ya Old Moses, mita 3,300, jamaa alianza kupanda na koti lake lote mwilini, chini yake fulana ya pamba. Jua likawaka, akatoa jasho chapachapa. Pamba ikilowa inakaa na maji, na maji yananyonya joto la mwili. Tulipofika kambi ya Shipton's, mita 4,200, jua limezama na upepo umeamka, meno yake yalikuwa yanagongana. Nilimpa sweta langu la akiba, lile lile la kibanda. Alilivaa. Hakusema kitu, na mpaka leo hajasema.

Hapo ndipo penye siri yote: kaa mkavu. Vaa nguo tatu nyembamba badala ya moja nene, uvue na kuvaa unavyokwenda. Ya kwanza inabana mwili, na isiwe ya pamba. Ya pili ni sweta la sufu au flisi, kwa sababu sufu hata ikilowa bado inakupa joto. Ya tatu inazuia upepo na mvua. Anza kutembea ukisikia baridi kidogo. Baada ya dakika chache utanishukuru.

Gikomba nenda asubuhi, marobota yanapofunguliwa. Muuzaji atakuambia kila kitu ni kamera, yaani mtumba wa daraja la kwanza, hata chenye tundu la kwapa. "Sista, hii imetoka Ujerumani jana!" Wewe soma lebo ya ndani, ubavuni. Ikiandikwa sufu asilimia 70 au zaidi, usiliachie sweta hilo hata kama rangi ni ya nyanya mbovu. Jaketi la nje lipime kwa mdomo: bana kitambaa midomoni upulize kwa nguvu. Pumzi ikipita upande wa pili, upepo wa Lenana utapita pia. Halafu panda na kushuka na zipu mara kadhaa, maana zipu ikikwama saa tisa usiku na vidole vimekufa ganzi, huna fundi wa kumwita.

Mnaniuliza kama baridi ya Nairobi ya Julai si mazoezi tosha. Hapana. Hewa hupoa kwa digrii kama 6 kila unapopanda mita 1,000, na kutoka hapa mjini mpaka Lenana ni zaidi ya mita 3,000. Hesabu mwenyewe.

Lakini sisi Wakenya tuna ugonjwa wa kununua ili tuonekane. Mtu anakopa kwa simu anunue koti la kupigia picha, halafu anakwenda na soksi za ofisini. Ndugu zangu, tuache. Tununue kinachofanya kazi, na tusimcheke anayenunua kwa akili. Narudia, tusimcheke.

Dada wa Kasarani, hela zako zianzie miguuni na mikononi: soksi nene za sufu, glavu mbili (nyembamba ndani, ya kuzuia upepo juu) na boshori la kufunika masikio. Soksi zisibane ndani ya kiatu, damu ikose njia. Weka kando jozi moja ya kulalia tu, usitembee nayo hata ukibembelezwa. Begi la kulalia usinunue, kodisha Nanyuki. Nguo usizifunge kwenye mifuko ya plastiki. Plastiki ya kutumia mara moja imepigwa marufuku kwenye mbuga za taifa tangu Juni 2020. Mimi hutandika gunia la nailoni, la kutumia tena na tena, ndani ya mkoba.

Jaketi la nje lijaribu pale pale kibandani, juu ya sweta zote, mikono juu kama unayeshika chuma cha matatu. Likikubana kwapani, rudisha. Wauzaji wamezoea, na wakinuna, kibanda cha pili kiko hatua tatu.