Kompyuta ya mezani nzito, RAM asilimia 92
Kaka, umesema kompyuta yako ni nzito, na RAM (kumbukumbu ya muda ambayo programu hutumia zikiwa wazi) inafika asilimia 92 ukifungua kivinjari cha Chrome; kwa RAM ya GB 4 na Windows 10, hilo halinishangazi. Usikimbilie kupiga Windows upya, unaweza kupoteza mafaili bure. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc ifunguke Task Manager, panga kwa safu ya kumbukumbu (Memory), uone programu gani inakula RAM. Mara nyingi ni kivinjari chenyewe: tabo nyingi, na viongezi (extensions) ulivyosahau kuwa umeviweka. Zima pia programu zinazojiwasha pamoja na mashine.

RAM ikijaa, Windows huhamishia mzigo kwenye diski. Kama diski yako ni ya zile za kuzunguka, ndiyo maana kila kitu kinaganda. SSD (diski isiyozunguka, yenye kasi zaidi) itakusaidia sana hapo, lakini mimi ningeanza na RAM, ifike GB 8.

Kabla ya kwenda Kariakoo, zima mashine, chomoa waya wa umeme, toa RAM uliyonayo uende nayo. DDR3 na DDR4, ambazo ni aina za RAM, haziingiliani, pengo lililo kwenye ukingo wa RAM haliko sehemu moja, na nimeona watu wakirudi Mbagala na kitu kisichoingia. Omba waijaribu palepale kabla hujalipa.