Nimefunga na kuomba, mbona jaribu linazidi?

*Shangazi, nina miaka 34, mume na watoto wawili, naimba kwaya kanisani. Mume wangu ni dereva wa lori la Kongo, anakaa safarini hata wiki tatu. Mwalimu wetu wa kwaya amekuwa akinifariji kwa meseji za Neno kila usiku, na sasa moyo umeanza kumwelekea. Hatujafanya kitu. Niko kwenye mfungo wa siku 21, nalala chumba cha watoto nisinajisi maombi, lakini jaribu linazidi. Mume naye karudi juzi na ukali, anataka kushika simu yangu, ingawa mwalimu nimemsevu "Mama Neema Kwaya" kuepusha ugomvi. Nifanyeje mume aniamini, na niombeje jaribu liondoke? – Mwanakwaya, Morogoro*

Pole, mwanangu. Upweke wa nyumba ya dereva ni mzito. Lakini anayeonewa katika barua hii ni mume wako.

Mtu amepanga foleni mpakani Kasumbalesa, amelala kwenye kabini siku zote hizo, anafika kwake anakuta kitanda kitupu na simu isiyoguswa. Unauita huo ukali? Ana macho, basi. Na kama meseji zingekuwa za Neno tupu, usingezificha nyuma ya jina la mwanamke mwenzako.

Kujaribiwa si dhambi. Bwana Yesu mwenyewe alijaribiwa nyikani, siku 40. Lakini Yakobo, sura ya kwanza, anasema kila mtu huvutwa na tamaa yake mwenyewe, na tamaa ikishika mimba huzaa dhambi. Kwako mimba ilitunga siku ulipobadilisha jina kwenye simu. Kabla ya hapo ulikuwa unajaribiwa. Tangu hapo unalea. Hilo la "hatujafanya kitu" lisikulaze usingizi.

Huo mfungo nao una kasoro. Fungua 1 Wakorintho 7:5. Wanandoa wasinyimane, isipokuwa wamepatana, tena kwa muda, kisha warudiane, Shetani asije akawajaribu. Wewe umepatana na nani? Umemnyima mume kwa jina la Mungu, halafu usiku, tumbo tupu na mwili umechoka, unasoma maneno matamu ya mwanamume mwingine. Jaribu litaachaje kuzidi? Kitanda cha ndoa hakinajisi maombi. Katisha mfungo leo, kula, rudi chumbani kwako.

Ndoa nyingi za walokole siku hizi zinaumia hapa hapa. Tunakemea roho ya zinaa mkesha mzima, na kabla jua halijachomoza tumeshamwandikia mtu yule yule, "Umeamkaje, mtumishi?" Maandiko yanasema zinaa ikimbiwe. Yusufu alisumbuliwa siku baada ya siku, akakataa hata kukaa karibu na mke wa bwana wake Potifa, na mwisho akaacha vazi mkononi mwake akatoka mbio. Hakubaki mle ndani kumwombea.

Sasa fanya hivi. Rudisha jina lake halisi kwenye simu. Mwandikie meseji moja tu: "Mwalimu, kuanzia leo usiniandikie. Mambo ya kwaya nitamuuliza katibu." Usieleze sababu, usiombe msamaha, usikubali kukutana "kuagana vizuri", wengi wameangukia kwenye kuagana huko. Kisha mbloku. Usifute kitu bado.

Kesho nenda kwa mama mchungaji, au mama mzima asiye na maneno, umtajie jina la mtu, sio "niombee nina vita". Kwaya uiache kwa miezi kadhaa. Mwalimu ni yeye, huwezi kumkwepa ukiwa safu ya mbele ya sauti ya kwanza. Kanisani kuna huduma nyingine.

Mume umwambie akiwa bado nyumbani, watoto wamelala. Asije akayasikia kwa simu akiwa anateremka mlima Kitonga na mzigo. Usianze na "kwa sababu huwa haupo". Anza na ulichofanya, mpe simu ikiwa wazi, asome mwenyewe. Ukiungama nusu, nusu nyingine ataigundua, na hapo hata ile ya kweli hataiamini. Akikasirika, ana haki. Usimdai msamaha usiku huo huo. Ukiogopa atavuka mipaka, mama mchungaji na mumewe wawepo.

Akirudi barabarani, simu ilale sebuleni kuanzia saa nne usiku. Kabla ya hapo mpigie yeye, akishapaki. Mwalimu anaweza kukuandikia kwa namba nyingine, au kumtuma mwanakwaya alete salamu. Usijibu, hata kwa kukataa, maana kukataa nako ni mazungumzo. Namba hiyo ifikishe kwa mumeo na kwa mama mchungaji siku hiyo hiyo.