Kile Kistari Kwenye Ukurasa wa Alama

Katikati ya muhula nililala nikiwa na 80 kwenye kozi, nikaamka nina 59. Usiku ule sikufanya mtihani wowote, wala hakuna kazi yangu iliyosahihishwa upya. Nikaamini mfumo wa masomo wa mtandaoni umeharibika. Nilimwandikia mwalimu malalamiko marefu, naye akanijibu kwa maneno manne: "Angalia kazi ya pili."

Kazi ya pili sikuwa nimeiwasilisha. Kwa wiki kadhaa ilikaa pale na kistari mahali pa alama, nami nikawa nakipita kile kistari kama vile hakinihusu. Muda wa kupokea kazi ulipokwisha, mwalimu akaweka sifuri penye kistari, na hesabu nzima ikageuka.

Nawawekea hesabu yenyewe, maana ndiyo iliyonifundisha kuusoma ukurasa ule. Majaribio mafupi yalibeba asilimia 20 ya kozi, kazi mbili za kuandika asilimia 30, mtihani wa mwisho 50. Wastani wangu wa majaribio ulikuwa 95, yaani alama 19 kati ya 20. Kazi ya kwanza ya kuandika nilipata 70, na kwa kuwa ndiyo pekee iliyokuwa imesahihishwa, mfumo ukanipa 21 kati ya 30. Ukijumlisha ni 40 kati ya 50, ndiyo ile asilimia 80. Sifuri ilipoingia, wastani wa kazi za kuandika ukashuka hadi 35, yaani 10.5 kati ya 30. Jumla ikawa 29.5 kati ya 50. Asilimia 59.

Kwa hiyo ile 80 haikuwa uongo, ila ilikuwa jibu la swali ambalo sikuuliza. Ilikuwa inasema nimefanyaje katika yale yaliyokwisha kusahihishwa tu. Mtihani, nusu nzima ya kozi, haukuwamo ndani yake.

Tangu hapo, kitu cha kwanza ninachotafuta kwenye kozi mpya si alama bali uzito wa kila sehemu. Kwa kawaida umeandikwa kwenye mwongozo wa kozi, na mara nyingi uko kwenye ukurasa wa alama pia. Anayetumia Moodle, mmoja wa mifumo hiyo ya masomo ya mtandaoni, afungue ripoti yake ya alama: mwalimu akiwa ameruhusu, utaona safu ya uzito, ya alama, ya asilimia, ya maoni, na moja inayoonyesha kila kazi imechangia kiasi gani kwenye jumla. Hiyo ya mwisho naipenda kuliko zote. Kwenye Canvas, mfumo mwingine wa aina hiyo, kuna kisanduku kidogo kinachoagiza jumla ihesabiwe kwa kazi zilizosahihishwa peke yake. Kiondolee alama ya vema uone zisizosahihishwa zikihesabiwa kama sifuri. Inatisha mwanzoni mwa muhula, lakini utajua hali ilivyo. Canvas hiyohiyo hukuruhusu kujaribisha alama za kukisia, mfano "nikipata 60 kwenye mtihani itakuwaje?", bila kugusa alama zako halisi.

Kama mfumo wako hauna hayo, karatasi inatosha. Mimi nilikuwa na 29.5 na nilihitaji 50 ili nifaulu. Zilibaki 20.5 kati ya 50 za mtihani, yaani asilimia 41. Hofu yangu yote ya asubuhi ile ilikuwa na jibu la mstari mmoja.

Majaribio yanayojisahihisha yana mambo yake. Ukiruhusiwa kurudia, ujue kwanza ni alama ipi inayobaki: ya juu kabisa, ya mwisho, au wastani wa zote. Kila mwalimu hupanga anavyoona. Maswali ya kujieleza humsubiri mwalimu ayasome, hivyo usikate tamaa kwa alama iliyotokea dakika uliyobofya kitufe cha kuwasilisha. Na alama isipoonekana kabisa, huenda imefichwa hadi darasa zima limalize kusahihishwa.

Lililoniuma zaidi nililigundua baadaye. Kwenye ile kazi ya kwanza mwalimu alikuwa ameacha maoni, nami sikuwahi kuyafungua. Niliona 70 nikaridhika. Ndani yake aliandika kwamba hoja zangu ni nzuri ila sitaji nilikozitoa, na kwenye jedwali la vigezo kipengele hicho pekee kilinipokonya alama 15. Tafadhali, bofya jina la kazi, fungua faili lililosahihishwa, soma pembeni. Alama 15 zilikuwa mlangoni kwangu zikinisubiri nijue kosa langu.

Na ukikuta kistari kwenye kazi ambayo una hakika umeiwasilisha, usingoje mwisho wa muhula. Hakikisha faili lilipanda na halikubaki rasimu, kisha piga picha ya skrini inayoonyesha tarehe na saa. Halafu andika kwa adabu na kwa ufupi: "Habari Mwalimu, kazi ya 2 niliiwasilisha tarehe 14 saa 3:20 usiku, picha nimeambatanisha. Kwenye ukurasa wa alama bado naona kistari. Naomba unisaidie kuangalia." Siku hizi huwa naandika hivyo, na majibu huja mapema kuliko yale ya barua ndefu.